Je, Wajua? Njaa, Uchu na Mizani

Je, wajua kwamba vijana 36 wa Kimarekani waliwahi kukubali kwa hiari yao kushindishwa njaa kwa karibu miezi sita? Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa ikielekea ukingoni. Vijana hao walikataa kushika bunduki kwa sababu ya imani zao, wakaitikia wito wa mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyetaka kujua namna bora ya kuwarudishia nguvu watu wa Ulaya waliodhoofika kwa njaa. Walipokelewa Novemba 1944, wakapangiwa malazi katika vyumba vilivyo chini ya uwanja wa mpira wa chuo. Miezi mitatu ya kwanza walilishwa vizuri. Kisha, Februari 1945, sahani zikapunguzwa: viazi, mkate, kabichi na makaroni, milo miwili kwa siku, jumla ya kalori 1,570 hivi, karibu nusu ya walivyozoea. Na kila wiki walitakiwa kutembea kilomita 35.

Kwamba wangekonda, hilo lilijulikana tangu mwanzo. Jambo lililowashtua watafiti ni yaliyotokea vichwani mwao. Vijana wasomi, waliochaguliwa kwa afya na uthabiti wao, wakawa hawana mazungumzo mengine ila chakula. Walikiota usingizini. Walisoma vitabu vya mapishi, wengine wakaanza kuvikusanya. Walikaa na sahani moja muda mrefu, wakaongeza maji ili mlo uonekane mwingi, wakairamba sahani mbele ya wenzao bila haya. Kahawa na chingamu walivitumia mno hadi Keys akaviwekea kikomo. Mapenzi, mizaha na masomo havikuwavutia tena. Mmoja alijikata vidole vitatu kwa shoka, na hata baada ya miaka mingi hakuweza kusema kama ilikuwa ajali au alikusudia. Waliporuhusiwa tena kula, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema hawajashiba.

Sasa jiulize: mtu anayepambana na mlo wa kupunguza mwili, anayewaza chapati tangu alfajiri, tunamwambiaje? Tunamwambia hana nidhamu. Vijana wa Minnesota walikuwa na nidhamu ya kukataa vita nchi nzima ikiwaona waoga. Njaa ndiyo iliyowafanya vile.

Je, wajua kwamba kalori 1,200 kwa siku, hesabu inayosambazwa hadi leo katika makundi ya WhatsApp ya kupunguza mwili, ilipendekezwa tangu mwaka 1918? Aliyeipigia debe ni Lulu Hunt Peters, daktari wa Los Angeles, katika kitabu kilichouzwa kwa wingi Marekani. Aliwafundisha wasomaji wake wasiseme tena kipande cha mkate, waseme kalori 100 za mkate. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa ikipiganwa, naye akaunganisha unene na usaliti: anayekula sana anawapunja askari. Kwa hiyo lawama ya kimaadili juu ya sahani ya mtu ilianza kuuzwa pamoja na hesabu yenyewe, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunauziwa vyote viwili katika kifurushi kimoja.

Tena, kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, kile tunachopimwa kliniki, hakikubuniwa na daktari. Kilibuniwa miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji mwanafalaki na mtakwimu aliyekuwa akimtafuta binadamu wa wastani. Aliyekipa jina linalotumika leo, mwaka 1972, ni Ancel Keys yule yule wa Minnesota, naye alikikusudia kwa tafiti za makundi ya watu.

Je, wajua kwamba mwili uliopunguzwa hausahau? Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za watu 50 wanene waliowekwa kwenye mlo mkali kwa wiki 10. Mwaka mmoja baada ya uzito kushuka, homoni za njaa zilikuwa bado ziko juu, zile za shibe ziko chini, na wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka mzima! Mwili hauna namna ya kujua kwamba ulitaka kupendeza kwenye harusi ya dada yako. Unachojua ni kwamba chakula kimepungua, nao unajihami.

Homoni mashuhuri kati ya hizo za njaa ni grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Hutoka zaidi tumboni, na ina tabia ya kufuata saa. Watu walioshinda bila kula zaidi ya siku nzima walipopimwa damu, grelini yao ilipanda nyakati walizozoea kula, asubuhi, mchana na jioni, kisha ikashuka yenyewe bila hata tonge kuingia kinywani. Wafungaji wa Ramadhani wanaijua hali hii bila maabara. Kumi la kwanza, njaa ya saa saba mchana hukukamata barabara, ukasema leo sifiki magharibi. Ukivumilia kidogo, inapita. Siku zikisonga, tumbo linajifunza kwamba wakati wake ni adhana ya magharibi.

Je, wajua kwamba kibandiko tu kwenye chupa kinaweza kubadilisha homoni hiyo? Alia Crum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa chenye kalori 380. Siku moja chupa iliandikwa kalori 620, kinywaji cha raha. Siku nyingine chupa yenye kinywaji kile kile iliandikwa kalori 140, cha watu makini. Walipoamini wamekunywa kitu kizito, grelini yao iliporomoka sana. Walipoamini wamekunywa chepesi, ilibaki karibu pale pale. Utafiti huo ulitoka mwaka 2011, nao unanifanya niwaze mtu anayekula saladi huku akijiambia kila dakika kwamba anajinyima.

Shibe inakaa pia kwenye kumbukumbu. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walieleza habari za wagonjwa wawili ambao ubongo wao ulidhurika kiasi cha kutokumbuka jambo lililotokea dakika chache zilizopita. Waliletewa chakula cha mchana, wakala. Meza ikasafishwa. Baada ya dakika 10 hadi 30 wakaletewa mlo mwingine kana kwamba ndiyo kwanza, wakala tena. Wakaletewa wa tatu, na mara nyingi wakauanza. Tumbo limejaa, lakini hakuna anayekumbuka kulijaza. Ndiyo maana anayekula macho yakiwa kwenye simu huona baada ya saa moja anatafuta kitu cha kutafuna: alikula, ila hakuwepo.

Je, wajua kwamba masikio nayo hula? Oxford, mwaka 2004, watafiti waliwavisha watu vipokea sauti wakawa wanakuza mlio wa krispi wanazotafuna. Mlio ulipopanda, walaji waliziona ni mpya na kavu zaidi, ingawa zilikuwa zile zile. Macho pia: mwaka 2001 wanafunzi 54 wa somo la mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno wanayotumia kwa mvinyo mwekundu. Na pua je? Simama tu karibu na mchoma mishkaki, pale mafuta yanapodondokea makaa na moshi kukujia usoni. Mate yameshajaa, tumbo limeshaanza kumimina asidi yake, nawe hujatoa hata shilingi mfukoni. Ivan Pavlov wa Urusi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihusu juisi hizi zinazotangulia mlo.

Je, wajua kwa nini chakula kimoja unaweza kukichukia maisha yako yote kwa sababu ya usiku mmoja? Ulikula pweza. Usiku homa ikapanda, ukatapika mpaka alfajiri. Daktari akakuambia ni malaria, na pweza hana hatia. Haidhuru: tangu siku hiyo harufu ya pweza ikupate, roho inachafuka. John Garcia, mwanasaikolojia wa Kimarekani, alilionyesha jambo hili kwa panya mwaka 1955. Aliwanywesha maji matamu, akawapiga mionzi inayoleta kichefuchefu, nao wakayakwepa maji matamu baadaye. Mafunzo mengine ya wanyama huhitaji marudio. Hili mara nyingi hutosha mara moja, hata kama kichefuchefu kimechelewa saa kadhaa.

Kutokana na hapo ikaja habari inayonigusa kuliko zote katika safu hii. Watoto wanaotibiwa saratani kwa dawa kali hutapika, kisha hukichukia chakula walichokula kabla ya dawa, na chakula hicho mara nyingi ndicho wanachokipenda na wanachokihitaji. Mwaka 1978 Ilene Bernstein wa Seattle alilithibitisha kwa aiskrimu yenye ladha isiyo ya kawaida: watoto waliopewa kabla ya dawa waliikataa baadaye. Kisha, mwaka 1987, yeye na mwenzake wakajaribu kuigeuza shida iwe msaada. Mtoto alikula mlo wake, halafu kabla ya dawa akapewa peremende yenye ladha kali ya pekee. Ile peremende ikabeba lawama, na mlo ukanusurika. Mzazi au muuguzi anaweza kulijaribu hili kwa gharama ndogo sana.

Je, wajua kwamba anayejizuia sana ndiye anayefungulia sana? Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi kinywaji kizito cha maziwa, kisha wakawaambia waonje aiskrimu wapendavyo. Wasiojibana kwenye chakula walikula kidogo, kwa kuwa walishashiba. Wale wanaojibana kila siku walikula zaidi baada ya kinywaji kuliko wale wa aina yao ambao hawakunywa kitu. Mawazo yao yalikuwa haya: mlo wa leo nimeshauharibu, basi liwalo na liwe, nitaanza Jumatatu. Amri ikiwa ngumu kupita kiasi, kosa dogo hugeuka ruhusa ya siku nzima.

Na watoto ni vivyo hivyo. Jennifer Fisher na Leann Birch walichapisha mwaka 1999 majaribio ya shule za chekechea: kitafunwa kikiwekwa mbele ya watoto na kukatazwa kwa muda, ndicho wanachokisemea, wanachokililia na wanachokimbilia kinapoachiwa. Birch aligundua pia, mwaka 1984, kwamba mtoto akipewa zawadi ili anywe kinywaji kigeni, hukipenda kinywaji hicho pungufu kuliko mwanzo. Hebu basi tuitazame ile kauli ya kwetu: maliza mchicha nikupe soda. Mtoto anasikia kwamba mchicha ni adhabu na soda ndiyo tunu. Afadhali uuweke mchicha mezani kimya kimya, kidogo tu, leo na kesho na wiki ijayo, kwa maana chakula kigeni huweza kuhitaji kuonjwa mara 10 hata 15 kabla mtoto hajakikubali.

Je, wajua kwamba televisheni iliwafikia watu wa Nadroga, huko Fiji, mwaka 1995 tu? Kabla ya hapo, mwili uliojaa ulikuwa sifa. Mgeni alikaribishwa kwa kuhimizwa ale, na msichana akikonda ghafla ndugu walipata wasiwasi. Anne Becker, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Harvard, aliwahoji wanafunzi wa kike wiki chache tu baada ya televisheni kuingia, akarudi mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupata hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Wasichana walimweleza waziwazi kwamba wanataka kufanana na waigizaji wa Kimarekani wanaowaona kwenye tamthilia. Miaka mitatu, na chaneli moja! Binti wa leo wa Mombasa au Mwanza ana picha zisizo na mwisho mkononi, nyingine zimenyooshwa kiuno kwa programu ya simu.

Huku kwetu, hata hivyo, mambo yana uzito wake wa pekee. Mwaka 1985 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala ya madaktari kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiwamaliza watu kusini mwa Uganda. Wananchi walikuwa wameshauita "slim", kwa jinsi ulivyowakausha wagonjwa. Ulikuwa UKIMWI. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kiliona jirani, mjomba, mwalimu akikonda na kuzikwa. Ndiyo maana hadi leo mtu akipungua kidogo ataulizwa kwa sauti ya chini, "Mbona umekonda hivyo, uko salama kweli?" Na shangazi akikuambia "Umenenepa!", anakupongeza. Katikati ya pongezi ya shangazi na picha za simu, mwanamke mmoja anavutwa pande mbili, na kila upande una bidhaa ya kumuuzia dukani: huu dawa ya kukonda, ule vidonge vya kunenepesha.

Je, wajua kwamba chai nyingi za kupunguza mwili ni dawa za kuharisha tu? Majani ya sena yako katika nyingi ya hizo. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshafyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo uzito unaoushangilia kwenye mizani kesho yake ni maji, na pamoja na maji hayo unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Na ile kazi ya kusafisha sumu? Ini na figo zako zinaifanya saa hii unaposoma, bila malipo. Naumia kuona fedha ya kijana wa chuo ikiishia kwenye pakiti hizi.

Hofu na heshima huchagua hata rangi ya ugali. Mahindi ya njano yana karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Meupe karibu hayana. Lakini walowezi wa Kenya na Rhodesia walipanda meupe kwa kuwa soko la wanga la Uingereza liliyalipia vizuri zaidi, weupe ukawa ndio ubora. Kisha mahindi ya njano yakarudi kama msaada wa njaa: wazee Tanzania wanaukumbuka unga wa yanga wa miaka ya 1970, na Wakenya wanaukumbuka wa ukame wa 1984. Chakula kikishaonjwa katika aibu, kukisifu kwa vitamini hakutoshi. Dona nalo limebeba harufu ya bweni na jela, ingawa sembe ndiyo iliyovuliwa kiini na pumba zake.

Je, wajua kwamba katika utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1998, zaidi ya nusu ya wajawazito 275 walisema hula udongo mara kwa mara? Waliokula walikuwa na upungufu wa damu zaidi. Mama huyo hahitaji kuchekwa. Anahitaji kupimwa damu, kwa sababu hamu za namna hii huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na ile ya kutafuna barafu mara nyingi huondoka madini hayo yakirudishwa.

Kuna jambo moja la kufuta ikiwa uliwahi kuliamini. Sehemu kubwa ya hadithi za sahani ndogo na vikombe vinavyodanganya macho zilitoka kwa Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell. Makala zake zaidi ya 12 zimebatilishwa na majarida, na mwaka 2018 alitangaza kujiuzulu baada ya chuo kumkuta na makosa ya kitaaluma.

Lililosimama imara zaidi ni la Kevin Hall na wenzake, mwaka 2019, huko Bethesda, Marekani. Watu 20 waliishi hospitalini mwezi mzima, wiki mbili wakila vyakula vya viwandani vilivyosindikwa mno, wiki mbili vyakula vya kupikwa kawaida, na kila mara waliruhusiwa kula watakavyo. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzi vilivyowekwa mezani vililinganishwa. Kwenye vile vya viwandani walikula upesi zaidi, na kwa siku walizidisha kalori 500 hivi. Wakanenepa karibu kilo moja. Kwenye vile vingine wakapungua karibu kilo moja, bila mtu kuwaambia wajibane.

Na je, wajua ya Clara Davis? Daktari huyu wa watoto wa Chicago, kuanzia miaka ya 1920, aliwaacha watoto 15 waliotoka tu kunyonya wajichagulie chakula wenyewe kwa miezi, wengine kwa miaka. Sinia liliwekwa mbele yao: maziwa, mayai, ini, figo, uloto wa mifupa, matunda, nafaka, mboga, hata chumvi pembeni. Muuguzi alikaa na kijiko kimya, haruhusiwi kushawishi wala kukunja uso, anasubiri mtoto anyooshe kidole. Hakuna watoto wawili waliokula sawa. Mmoja aliyefika na matege aliwekewa mafuta ya samaki, akayanywa kwa hiari yake mpaka akapona, kisha hakuyataka tena. Wote walikua vizuri. Wengi walioisikia habari hiyo walitangaza kwamba mtoto huzaliwa na hekima ya kuchagua chakula. Davis mwenyewe, alipoandika matokeo mwaka 1939, alieleza kwamba siri ilikuwa kwenye orodha: vyakula 34, vyote vya asili, bila sukari wala unga uliokobolewa hata chembe, na aliyeiandika orodha hiyo alikuwa mtu mzima.